Ngazi ni ya Nani? Ubora wa Maghorofa Mapya, Kuanzia Ayany

Nimeombwa niseme juu ya majumba marefu ya makazi yanayojengwa mjini mwetu, haya ambayo mtu hununua kipande cha ghorofa na kukiita nyumba yake. Najua wengi mnatarajia nianze na Kilimani na Kileleshwa, maana huko kila lango la mabati lina bango, na kila bango lina picha ya bwawa la kuogelea. Huko nitafika. Lakini naanzia hapa Ayany, kwa sababu Kibera na kandokando yake pamekwisha kujaribiwa karibu kila aina ya ghorofa iliyobuniwa nchini. Majibu tunayo. Kinachokosekana ni wa kuja kutuuliza.

Dai langu ni moja. Jengo refu haliwi bora kwa vigae wala kwa kabati za jikoni. Huwa bora, au huwa bovu, kwa vile vitu visivyo vya mtu mmoja: ngazi, lifti, tangi, paa, bomba la maji taka, nafasi inayopitisha mwanga, na daftari la yule anayevitunza. Mnunuzi wa Nairobi hukagua kwa makini kile atakachokuwa nacho peke yake. Hufungua mifereji, hugonga milango, huuliza vigae vilitoka wapi. Kile atakachomiliki pamoja na wenzake hakitupii hata jicho, na humo ndimo pesa zake zitakamozama.

Nianze na ardhi, maana hapa kwetu hakuna jengo lisilokuwa na kesi ya ardhi chini yake. Mtaa huu uko juu ya ardhi waliyowekwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza rasmi mwaka 1918, ekari 4,197. Baada ya Uhuru ilikatwa kipande kwa kipande: Salama, Fort Jesus, Karanja, Olympic, Ayany yetu, Jamhuri, Ngei, Onyonka, Otiende, kisha Nyayo Highrise. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi walikabidhiwa hati ya ardhi ya jamii. Ekari 288. Kutoa 288 katika 4,197 nawaachia nyinyi, na mkimaliza mtaelewa kwa nini mzee wa Kinubi wa Makina akisikia neno "mradi" hukaza macho.

Nyayo Highrise ndilo somo la kwanza. Majengo yale yalisimamishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mahali palipokuwa na wakazi wa Kibera, na ahadi ilikuwa kwamba wao ndio watakaoingia. Walioingia ni watu wa mishahara. Simlaumu aliyepata nyumba pale. Alitafuta makao kama mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba ramani ya nyumba ile ilikwisha kuamua mpangaji wake kabla ya orodha kuandikwa. Ukichora nyumba ambayo gharama yake haiwezi kushuka hadi kwa mtu wa vijiji vya Kibera kama Soweto au Gatwekera, umeshamtoa nje, hata kama jina lake liko juu ya karatasi.

Somo la pili ni la mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, ambao serikali iliuanza pamoja na shirika la UN-Habitat. Septemba 2009 watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa majengo ya muda kule Langata, upande wa pili: nyumba 600 katika majengo 17. Nyumba zile zilichorwa za vyumba vitatu kwa familia moja, lakini zikagawiwa chumba kwa familia. Familia mbili tatu zilitumia jiko moja na choo kimoja. Hebu fikirieni mama watatu, kila mmoja na sufuria yake na saa yake ya kupika, katika jiko ambalo msanifu alilipimia sufuria moja. Mchoro haukuwa mbaya. Uliotumika ulikuwa mchoro wa watu wengine.

Kisha kesi mahakamani zikachelewesha kazi, na ujenzi wa eneo la kwanza la Soweto Mashariki ukaanza mwaka 2012, ukakabidhiwa mwaka 2016: nyumba 822, zikiwa 144 za vyumba vitatu, 570 za vyumba viwili na 108 za chumba kimoja. Zikawekwa na vibanda vya biashara 245. Mimi huvitaja vibanda hivi kila nipatapo nafasi. Aliyeviweka kwenye mchoro alijua kwamba mtu wa Kibera hajengewi chumba cha kulala tu. Anauza mandazi, anashona, anachaji simu za watu. Ukimpandisha ghorofa ya nne bila mahali pa kuuzia, umempandisha pamoja na njaa yake. Hata hivyo baadhi ya waliopewa nyumba wakazipangisha na kurudi mabandani, na wengi waliwacheka. Mimi sikucheka. Kama kodi ya nyumba yako inalipa karo ya watoto wawili, utahama hata wewe.

Sasa nije kwenye maghorofa ya watu binafsi, haya ambayo yameinuka hapa kwetu pasipo waziri wala utepe wa kukata. Nyumba za kwanza za mitaa hii zilikuwa fupi, na ua mdogo nyuma wa kuanika nguo na kupanda sukuma. Kwanza zikaongezwa vyumba vya nyuma vya kupangisha. Halafu mwenye nyumba akazeeka, watoto wakaketi, wakaona kwamba palipo na nyumba moja panaweza kuwa na bedsita arubaini. Nyumba ikavunjwa. Jengo jipya likashika ploti yote, ukuta kwa ukuta na jirani, na jirani naye akafanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo mwanga huanza kuuawa, na naomba mnivumilie nipige hesabu kidogo. Jengo likigusa mipaka pande tatu, vyumba vya katikati havina dirisha la nje, kwa hiyo fundi huacha shimo la mwanga katikati. Mara nyingi shimo hilo lina upana wa mita moja na nusu hivi. Jengo la ghorofa kumi lina urefu wa mita 30, kwa mita tatu kila ghorofa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, zaidi kidogo ya digrii moja kusini, basi jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Kwa shimo la vipimo hivyo, mtu wa ghorofa ya chini huliona jua lenyewe dirishani kwa siku chache tu za miezi hiyo miwili, na kila siku kwa muda usiofika nusu saa. Siku zilizobaki anawasha taa saa nne asubuhi na kununua tokeni. Na lile shimo si la mwanga peke yake. Ndimo madirisha ya vyoo yanamofungukia, ndimo mabomba yanamoteremka, na moshi wa kitunguu cha ghorofa ya pili humfikia aliye ya saba kabla ya mwenye kitunguu kupakua.

Berlin ilipitia haya. Katika karne ya 19 mji ule ulijazwa majengo ya kupangisha yenye nyua ndogo za ndani, na kanuni ya mwaka 1853 ilitaka ua uwe na angalau mita 5.34 kila upande. Kipimo hicho hakikutokana na afya ya mtoto wala mwanga wa jikoni. Kilitosha gari la zimamoto la siku hizo kugeuka, basi. Mtafiti Marie Huchzermeyer aliandika kitabu mwaka 2011, Tenement Cities, akilinganisha Berlin ile na Nairobi yetu. Jambo linaloniuma ni hili: ua ambao Wajerumani waliuona kuwa wa fedheha wakaja kuukataza ni mpana mara tatu na zaidi ya shimo ambalo sisi tunaliita la mwanga. Na katika shimo letu zimamoto hata asiingie.

Juu ya kuanguka kwa majengo nitasema kwa ufupi, kwa sababu mengi yamesemwa. Mtaa wa Huruma, 29 Aprili 2016, jengo lililokuwa limewekewa alama ya kubomolewa lilianguka usiku wa mvua, na watu wapatao 50 wakafa. Ng'ando, hapo jirani na Kawangware, Septemba 2019, darasa la juu la shule lilianguka na kuua wanafunzi 8, na pale ghorofa ilikuwa moja tu. Alama ilikuwapo, kanuni zilikuwapo, ofisi zilikuwapo. Kanuni za ujenzi tulizozitumia zilikuwa za mwaka 1968. Mpya zilipitishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 2025. Nazifurahia. Lakini nguzo iliyopunjwa simiti haisomi gazeti rasmi la serikali. Simiti inahitaji mtu wa kusimama pale mjengoni siku slabu inapomwagwa, achukue vipande vya kupima nguvu, na awe na moyo wa kumwambia mwenye pesa kwamba leo hatuendelei.

Twende Kilimani sasa. Huko mambo ni ghali zaidi, na makosa nayo pia. Utaingizwa nyumba ya maonyesho. Kuna harufu ya kahawa, kitanda kimewekwa kifupi makusudi ili chumba kionekane kikubwa, milango ya kabati haipo ili usione kwamba ikifunguka itagonga kitanda. Hayo ni ya biashara, wala sina ugomvi nayo. Nakuomba tu ukimaliza kusifia, toka nje ya ile nyumba, simama kwenye ujia, utazame lifti.

Lifti ya watu wanane, ambayo wengi huichagua kwa bei, ndani yake ina upana wa mita 1.1 na kina cha mita 1.4. Machela ya mgonjwa ina urefu wa karibu mita mbili. Haiingii. Mama akishikwa na uchungu ghorofa ya kumi na moja, au mzee akipooza usiku, atashushwa kwa ngazi akiwa amebebwa kwa blanketi. Lifti ya kina cha mita 2.1 inamchukua akiwa amelala, na tofauti yake katika mchoro ni nafasi ya kabati moja la nguo kwa kila ghorofa. Mwendelezaji, yaani yule anayejenga ili auze, analipigia hesabu kabati hilo, akalizidisha kwa ghorofa kumi na mbili, akaona ni nyumba ya kuuza. Basi anaweka ndogo. Tena anaweka moja. Jengo lenye nyumba 96 zenye watu wanne kila moja ni watu 384, na lifti moja ikiwa inakwenda na kurudi kwa dakika mbili haichukui zaidi ya watu 240 kwa saa, hiyo ikiwa nzima na imejaa kila safari. Siku fundi wake hajaja, ni sifuri. Mlio hapa mnakumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023, umeme ulipozimika nchi nzima usiku. Mtu wa Ayany aliwasha mshumaa. Mtu wa ghorofa ya kumi na nne alihesabu ngazi, na tangi la juu lilipokwisha mfereji wake ulikauka, ikiwa jenereta haikuwa na dizeli.

Kwa maana maji nayo hupanda kwa umeme. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, hutufikia kwa mgao, na yakifika langoni hayana nguvu ya kupanda. Huingia tangi la chini, pampu huyasukuma hadi tangi la juu, yakateremka mifereji. Watu 384 wakitumia lita mia kila mmoja ni zaidi ya lita 38,000 kwa siku. Mgao ukikatika, ni bauza nne za lita elfu kumi kila uchao, na kila bauza ina bei. Watu hulalamikia bili ya umeme wa pampu, nami huwaambia hapana, kuinua maji hayo mita 35 hakumalizi uniti kumi za umeme. Kinachowakausha si bili. Ni kwamba pampu iliwekwa moja badala ya mbili, ikaungua Jumamosi, na hakuna aliye na mamlaka ya kutoa pesa hadi Jumatatu, au pesa zenyewe hazipo kwa sababu nyumba thelathini hazijalipa ada ya huduma tangu Pasaka. Zanzibar walilijua hili mapema. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalisifiwa sana kwa ukubwa wake, na wakazi wa juu wakaishia kubeba ndoo.

Hapa ndipo usanifu na sheria hukutana, na naomba sikio lenu zaidi ya pale nilipokuwa kwenye lifti. Kwa miaka mingi, aliyenunua nyumba ya ghorofa Nairobi alipewa mkataba wa kukodishwa wa miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Hati mama ya ardhi ilibaki kwa jina la mwendelezaji au la kampuni ile. Sheria ya mali za sehemu ilikuwapo tangu 1987, lakini ilitumika kwa nadra. Ikaja Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kazi mwishoni mwa Desemba mwaka huo. Chini yake, mpima ardhi mwenye leseni huchora mpango wa jengo unaoonyesha kila nyumba na kila eneo la pamoja. Hati mama hufungwa. Kila mwenye nyumba hupata hati yake, na pamoja nayo fungu lake katika ngazi, paa, maegesho na ardhi. Wenye nyumba wote huwa shirika, kila mmoja na kura kwa kadiri ya fungu lake, na shirika hilo lina wajibu wa kutunza jengo na kulikatia bima. Mikataba ya zamani ilipewa miaka miwili igeuzwe. Miaka hiyo imepita, na majengo ambayo bado hayajageuzwa si machache.

Mtasema haya ni ya mawakili. Sivyo. Paa likiwa la mwendelezaji, atalipangisha kwa kampuni ya simu iweke mlingoti, na wewe kamba yako ya nguo utaifunga balkoni. Maegesho yakiwa yake, atayauza mara ya pili. Niliwahi kushauri wenye nyumba wa jengo moja ambalo sitalitaja. Walinunua kwa kuvutiwa na bustani ya watoto, na mwaka wa tatu bustani ikawa msingi wa jengo la pili. Walikimbia kutafuta mchoro. Bustani ilikuwa kwenye bango. Kwenye mpango wowote uliosajiliwa haikuwapo. Mwendelezaji hakuwa amevunja ahadi yoyote iliyoandikwa.

Na ubora wa mchoro hufuata umiliki kama kivuli kimfuatavyo mtu. Mwendelezaji anayejua kwamba siku ya kukabidhi ataondoka na kuwaachia wenye nyumba kila kitu kibovu, huchagua bomba jembamba. Akijua kwamba shirika la wenye nyumba litakuwa na mamlaka, kumbukumbu na wakili, huchagua nene. Ndiyo sababu mimi ni msanifu majengo na bado nimewachosha kwa sheria.

Nilisikia minong'ono nilipotaja Kilimani, kwamba hayo ni ya matajiri. Ndugu zangu, yanakuja. Bei ya ardhi kando ya Kibera Drive inapanda, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ilipasua Kibera mwaka 2018 na kuacha maelfu bila makao, na Soweto Mashariki serikali imeendelea na majengo marefu zaidi chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, ambao tangu 2024 una sheria yake na makato ya asilimia 1.5 ya mishahara yetu. Kwa kuwa tunakatwa, tuna haki ya kuuliza kina cha lifti. Hata anga halijaachwa: tuko karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, na anayetaka kwenda juu hapa lazima apate kibali cha kimo kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Jirani yako akiongeza ghorofa mbili usiku, mwulize kibali hicho kiko wapi. Na Wanubi wakiamua siku moja kujenga juu kwenye ekari zao 288, watakuta kwamba hati ya jamii na hati ya sehemu ya jengo ni sheria mbili zinazotakiwa kupatanishwa kabla ya tofali la kwanza. Afadhali wazee waanze mazungumzo hayo sasa na wakili wao, kabla mwekezaji hajaja na wa kwake.

Mimi sipingi kwenda juu. Mji huu hauna pa kutandaza nyumba za chini, na anayesema tujenge zote za ua na bustani anasema watoto wetu wakaishi Kitengela na kuamka saa kumi. Ghorofa nane au kumi zinaweza kuwa makao mema kabisa hapa Ayany. Ziache nafasi ya kweli pande mbili, upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini ili jua la jioni lisiunguze vyumba vya kulala, ngazi ipate dirisha kila ghorofa, mlango wa paa usifungwe kwa kufuli, duka na kibanda viwe chini, na kamba za nguo zipewe mahali pake kwenye mchoro. Ploti moja haitoshi haya yote. Ploti tatu za majirani zikiunganishwa zinatosha, na shimo la mwanga la mita moja na nusu linageuka kuwa ua wa mita nane. Kinachozuia si pesa. Ni kwamba majirani watatu hawaaminiani kuweka hati zao mezani, na mwendelezaji anapenda hivyo.

Basi ombi langu kwa wenye nyumba wa mtaa huu ni hili. Kijana mwenye suti atakuja, kama hajaja, akuambie uweke ardhi naye aweke pesa, na mkimaliza akupe nyumba nne za ghorofa. Usimfukuze. Mkaribishe chai, halafu mwombe vitu vitatu kwa maandishi: rasimu ya mpango wa sehemu iliyochorwa na mpima ardhi mwenye leseni, kina cha lifti na idadi yake, na tarehe ambayo hati mama itafungwa na shirika la wenye nyumba kuandikishwa. Mpe wiki mbili. Akirudi navyo, mtafute wakili wako, si wake, mwendelee. Akirudi na picha ya bwawa la kuogelea, usitie sahihi.